Trekta Dogo kwa Kaya ya Mfugaji: Hesabu Kwanza, Chagua Baadaye



Malisho ya Usangu si yale ya zamani. Wafugaji wengi waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu hapo kaya nyingi zinachunga na kulima kwa pamoja: mpunga Mbarali na Pawaga, mahindi Ismani na maeneo mengine ya miinuko. Kwa hiyo swali moja linarudi kila mnada: "Nikiuza ng'ombe nikanunua trekta dogo, nichukue la kampuni gani?"

Swali la kampuni ni zuri, lakini si la kwanza. Ng'ombe huzaa, trekta halizai. Trekta linalosimama bila kazi au bila vipuri limekula mifugo yako na halitairudisha. Kipeperushi hiki kinakusaidia kupiga hesabu kabla hujaswaga ng'ombe kwenda mnadani.

1. ANZA NA KAZI

Kaeni kama familia, baba, mama na vijana, mwandike kazi zote ambazo trekta litafanya kwa mwaka mzima:
- Kulima na kupiga haro, ekari ngapi.
- Kubeba maji. Tenki la lita 1,000 lina uzito wa tani moja bila kuhesabu tela.
- Kubeba mabua ya mpunga, majani makavu na samadi.
- Kuendesha mashine ya kukatakata malisho au pampu ya maji.
- Kulimia majirani kwa malipo.

Kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ukinunua trekta la kulimia tu, litalala muda mrefu kuliko litakaofanya kazi. Kwa mfugaji, tela na mashine ya malisho ndivyo vinavyolipa kazi wakati wa kiangazi.

2. LINGANISHA NGUVU

Maksai na plau. Jozi mbili zilizofundishwa vizuri hulima ekari moja kwa siku moja au mbili. Hazinywi dizeli, na zikizeeka unaziuza kwa nyama. Kwa shamba la ekari chache bado ni chaguo zuri.

Pawatila. Ina nguvu za farasi kati ya 8 na 16. Inafaa katika majaruba ya mpunga yenye maji na ardhi tambarare. Wakati wa Kilimo Kwanza, mpango uliozinduliwa mwaka 2009, pawatila nyingi zilisambazwa vijijini. Penye mpunga zilifanya kazi. Penye udongo mkavu na mgumu zilirukaruka, zikachosha watu, na nyingine zikaishia kuvuta tela tu. Kama shamba lako liko Ismani, usinunue pawatila kwa sababu umeiona ikifanya kazi Ubaruku.

Trekta dogo la magurudumu manne. Lina nguvu za farasi kati ya 20 na 45. Linavuta plau dogo, haro na tela. Kwenye udongo mzito wa mbuga, chagua linalovuta kwa magurudumu yote manne, vinginevyo litazama msimu wa mvua. Kama ardhi yako ni ngumu na ekari ni nyingi, trekta la nguvu 20 litateseka. Hapo kukodi trekta kubwa ni nafuu.

3. PIGA HESABU KWA NG'OMBE

Hesabu hii ni mfano. Weka bei za kijijini kwako za leo.

Tuseme trekta na zana zake ni shilingi milioni 40, na ng'ombe jike mmoja ni shilingi 800,000. Utauza majike 50. Kama nusu yao wangezaa kila mwaka, umeacha ndama 25 kwa mwaka.

Tuseme kulima ekari moja kwa kukodisha ni shilingi 60,000. Dizeli lita 7 kwa shilingi 3,000 ni 21,000. Dereva 5,000. Oili, filta, matairi na matengenezo 9,000. Jumla ya gharama ni 35,000. Kinachobaki ni shilingi 25,000 kwa ekari.

Ili kurudisha milioni 40 unahitaji kulima ekari 1,600. Ukilima ekari 4 kwa siku, kwa siku 50 za msimu, unapata ekari 200 kwa mwaka. Hiyo ni miaka 8, na bado hujahesabu ndama ulioacha wala siku ambazo trekta litaharibika.

Sasa tazama upande wa pili. Kaya yenye ekari 10 ikikodi trekta kwa bei hiyohiyo inalipa shilingi 600,000 kwa mwaka. Hiyo haifiki bei ya ng'ombe mmoja.

Kwa hiyo:
- Ekari 10 au pungufu, bila kazi nyingine: tumia maksai au kodi trekta.
- Ekari nyingi, pamoja na kazi za tela kiangazi na wateja wa uhakika: trekta linaweza kulipa.
- Kaya tano zikichangia kila moja ng'ombe 10, mzigo unagawanyika. Andikeni makubaliano mbele ya serikali ya kijiji: nani analimiwa kwanza, nani anaendesha, nani anatunza fedha, na mtu akitaka kujitoa inakuwaje. Wekeni daftari la saa za kazi na dizeli.

4. CHAPA: ULIZA SPEA KABLA YA BEI

Massey Ferguson, New Holland, John Deere, Kubota, Swaraj, Mahindra na Sonalika ni majina yanayojulikana nchini. Hakuna chapa iliyo bora kila mahali. Iliyo bora kwako ni ile ambayo spea zake zinapatikana Mbeya, Iringa au Makambako, na fundi wake anafika siku hiyohiyo. Mwezi Desemba, trekta likisimama wiki mbili kusubiri pampu ya dizeli, msimu umepita.

Tazama mfano wa Ursus. Matrekta hayo ya Poland yaliunganishwa hapa nchini, Kibaha. Mwaka 2021 kampuni mama ya Poland ikafilisika. Trekta linaweza kuwa zima, lakini mwenye nalo anabaki akijiuliza spea zitatoka wapi. Kabla ya kununua, fanya haya:
- Ingia maduka mawili ya spea, uliza bei ya filta, klachi na pampu ya maji ya trekta hilo.
- Ongea na watu watatu walio nalo. Waulize liliharibika nini na lilikaa siku ngapi.
- Muulize muuzaji udhamini ni wa muda gani, na kama fundi wake anafika kijijini au wewe ndiye wa kulipeleka trekta mjini.

Trekta la bei ya chini lisilo na spea ni ghali kuliko la bei ya juu lenye spea.

5. VITU VYA KUTAZAMA

- Shafti ya nyuma, ambayo mafundi huiita PTO. Ndiyo inayozungusha mashine ya malisho na pampu.
- Mikono mitatu ya kunyanyulia zana. Linganisha uzito inaoweza kunyanyua na uzito wa plau lako.
- Fremu ya kinga nyuma ya kiti na mkanda. Kwenye miteremko ya Kilolo, Mufindi na Rungwe, trekta likipinduka bila fremu humkandamiza dereva. Usikubali kuuziwa bila hiyo.
- Breki za trekta na za tela.

Kwa trekta lililotumika, nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Gusa injini: iwe baridi kabla ya kuwashwa. Moshi wa bluu unaoendelea ni dalili ya kula oili. Oili iliyo kama chai ya maziwa imeingia maji. Nyanyua plau na ulisubiri robo saa: likishuka lenyewe, haidroliki imechoka. Hakikisha namba ya injini na ya chesisi zinalingana na kadi ya usajili, na jina kwenye kadi ni la anayeuza.

6. NG'OMBE GANI WAUZWE, NA LINI

Uza madume yaliyokomaa, maksai wazee na majike yaliyoacha kuzaa. Bakiza mitamba na majike yanayozaa. Kama mifugo ya aina hiyo haitoshi bei ya trekta, basi trekta hilo si lako kwa mwaka huu.

Uza kati ya Mei na Julai, ng'ombe wakiwa wamenenepa. Ukisubiri Oktoba wamekonda, utauza wengi zaidi kwa fedha ileile.

Ukikopa, Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) au penginepo, omba tarehe za marejesho zifuate mavuno na msimu wa mnada. Fedha ya dawa ya kuogesha na chanjo isiguswe kununua dizeli. Ndigana kali haisubiri mavuno.

7. LINDA MIFUGO DHIDI YA TREKTA

Hili wengi hawalijui. Ng'ombe hupenda kulamba betri kuukuu na oili chafu. Ndani ya betri mna madini ya risasi, nayo ni sumu. Dalili zake ni upofu, kusaga meno, kuzungukazunguka na degedege, na mnyama anaweza kufa haraka. Hifadhi betri na oili iliyotumika mahali palipofungwa, mbali na zizi. Okota waya na misumari sehemu ya kutengenezea trekta. Ng'ombe akimeza waya, unaweza kuchoma tumbo hadi moyo.

Watoto wasipande kwenye bampa wala kwenye tela lenye mzigo. Zima injini kabla ya kugusa shafti inayozunguka. Shuka na khanga zimewavuta watu wengi kwenye mashine.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Trekta letu litafanya kazi siku ngapi wakati wa kiangazi?
2. Mwaka jana tulilipa kiasi gani kukodi? Ni ng'ombe wangapi?
3. Duka la spea lililo karibu liko wapi?
4. Nani ataendesha, na amefundishwa? VETA wapo Mbeya na Iringa.
5. Tukiuza, tunabaki na majike mangapi yanayozaa?

Kama swali la tano linawatia wasiwasi, msiuze. Kodini msimu huu, wekeni hesabu kwenye daftari, kisha mlinganishe mwakani. Mkihitaji msaada wa hesabu hii, njooni na daftari lenu kwa afisa mifugo au afisa kilimo wa kata kabla ya siku ya mnada.