Kizuizi cha Gari Msituni: Somo Juu ya Mali ya Umma na Wanaojitolea Kuilinda



Ndugu msomaji, somo letu linahusu kitu kinachoonekana kidogo: gogo au mnyororo uliowekwa kwenye njia iingiayo msituni, ili mtu apite lakini gari lisipite. Mara nyingi wanaoulinda ni wanakijiji wasio na mshahara. Wenye magari huwaona wakorofi, na huwauliza: “Msitu huu ni wa umma, nami ni mmoja wa umma. Kwa nini mnanizuia?” Swali hilo si la kupuuzwa. Frateri atakayetumwa katika parokia za Jimbo Kuu la Dodoma, au za majimbo ya Kondoa na Singida, ataulizwa, tena pengine na waamini wa pande zote mbili za kizuizi. Tulitafute jibu lake hatua kwa hatua.

1. Kwa nini gari, na si mtu?

Mama anayeingia msituni kwa miguu hutoka na mzigo wa kuni ambao kichwa chake kinaweza kubeba. Mfugaji nyuki hutoka na ndoo zake za asali. Kila mmoja ana kikomo kilichomo katika nguvu za mwili wake. Fuso halina kikomo hicho. Likijaa leo, kesho linarudi. Nalo linapobeba mkaa, hasara ni kubwa kuliko mzigo unaoonekana, kwa sababu tanuru la udongo la kienyeji huweza kumeza tani 5 hadi 10 za kuni ili kutoa tani moja ya mkaa. Kwa hiyo gari ndilo linalogeuza mahitaji ya nyumbani kuwa biashara ya mbali.

Jambo la pili ni udongo. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ardhi hukaa miezi mingi ikiwa kavu na wazi, kisha hupigwa na mvua kali. Matairi ya lori hukandamiza udongo na kuacha mifereji miwili. Mvua ikija, maji hufuata mifereji hiyo, huchimba, na baada ya misimu michache iliyokuwa njia inakuwa korongo. Watu wa Kondoa hawahitaji kufundishwa maana ya neno hilo.

Jambo la tatu ni kwamba njia moja huzaa nyingine. Lori likishafungua njia, hufuata kirikuu na bodaboda, kisha wafyekaji wa mashamba, kisha moto. Miti mingi ya miombo ina uwezo wa kuchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi ikiachwa ipumzike. Msitu unaotembelewa kwa miguu hupata nafasi hiyo ya kupumzika. Msitu wenye njia ya magari haupati.

Tushike basi hoja ya kwanza: kumzuia mwenye gari kuingia na gari lake si sawa na kumfukuza msituni. Akishuka, anaweza kupita kama wengine.

2. Njia mbili za kulinda, katika nyanda zetu za kati

Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO. Mwaka 1979 serikali iliagiza mifugo yote iondolewe katika eneo la Kondoa lililomomonyoka vibaya, lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Matokeo yalionekana: majani yalirudi, vichaka vikarudi, vilima vikafunikwa. Hata hivyo amri ilitoka juu, na gharama yake ilibebwa na familia zilizolazimika kuhamisha au kuuza ng’ombe wao. Ardhi ilipona, lakini mwenyeji hakuwa mwamuzi.

Kaskazini mwa Kondoa, wilayani Babati, mambo yalikwenda vingine. Msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye takriban hekta 9,000, ulikuwa karibu kutangazwa hifadhi ya serikali. Wanavijiji waliouzunguka walipinga. Badala ya kuwashinda kwa nguvu, wataalamu walikubali kuwasikiliza, na kuanzia mwaka 1994 ulinzi na usimamizi ukakabidhiwa kwa vijiji vinane, kila kijiji sehemu yake. Vijiji vilikubaliana juu ya mipaka, vikatunga sheria ndogo, na kuchagua walinzi kutoka miongoni mwa watu wao. Mwaka 1995 vijiji vitano vinavyozunguka msitu wa Mgori, mkoani Singida, vilianza kufuata njia hiyohiyo.

Mang’amuzi ya namna hii yalisaidia kuandaa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ambayo inatambua misitu ya hifadhi ya vijiji na ushiriki wa wananchi katika usimamizi.

3. Kanuni ya auni

Mafundisho jamii ya Kanisa yana jina la jambo hili: kanuni ya auni. Papa Pius XI aliieleza katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931. Kwa ufupi, lile ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya vizuri, jumuiya kubwa isilinyang’anye. Lakini tuangalie neno lenyewe: auni ni msaada. Kanuni hii haisemi wakubwa wakae kando. Inasema waje kumsaidia mdogo pale nguvu zake zinapokoma.

Mlinzi wa kijiji anaijua njia ya siri ambayo ofisa aliyeko mjini haijui. Anamfahamu dereva, na anajua lori lilipita saa ngapi. Lakini hana uwezo wa kulisimamisha lori lenye watu waliojiandaa kwa shari. Hapo ndipo Wakala wa Huduma za Misitu, polisi na mahakama wanapodaiwa auni yao. Kijiji kikiachwa peke yake, kanuni imevunjwa sawasawa na pale kinaponyang’anywa msitu.

Na swali la mwenye gari? Mali ya umma si mali isiyo na mwenyewe. Kanisa linafundisha kwamba vitu vya dunia vimekusudiwa kwa ajili ya watu wote, na Katekisimu inaweka heshima kwa uumbaji chini ya Amri ya Saba, ile inayokataza kuiba. Anayemaliza kwa lori kilichokusudiwa kwa wengi, wakiwemo watoto ambao hawajazaliwa, hatumii haki yake kama mmoja wa umma. Anachukua sehemu ya wenzake. Baba Mtakatifu Fransisko alikumbusha jambo hilo katika Laudato si’ mwaka 2015, akisisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi.

Jirani zetu wa Nairobi wanatupa mfano wa mjini. Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000, uliponea chupuchupu kugawiwa kwa wajenzi. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti huko. Leo chama cha raia, Friends of Karura, kinashirikiana na idara ya misitu ya nchi hiyo kuutunza. Wageni huacha magari maegeshoni, kisha huingia kwa miguu au baiskeli. Mwenye gari la kifahari na aliyeshuka daladala hutembea njia moja.

4. Mipaka ya anayejitolea

Nia njema haitoshi. Mlinzi wa kujitolea asiye na mipaka anaweza kuwa dhuluma mpya. Kwa hiyo:

Kwanza, asimame juu ya sheria. Kizuizi kiwe kimeamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuwekwa katika sheria ndogo iliyopitishwa na halmashauri ya wilaya. Kama msitu ni wa Serikali Kuu, kuwe na makubaliano na wenye mamlaka.

Pili, asipige mtu, asimfunge mtu, asichome mzigo wa mtu. Kutaifisha chombo ni kazi ya vyombo vya sheria.

Tatu, aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya gari, siku, saa na njia viandikwe siku hiyohiyo. Hata taarifa fupi ya lori lililopita usiku likiwa na shehena ina uzito.

Nne, asipokee “kitu kidogo”. Mlinzi akila rushwa mara moja, mnyororo wake umegeuka kuwa geti la ushuru wake binafsi.

Tano, asiende peke yake, na kijiji kimtazame. Anayetoa siku zake bila malipo anastahili angalau kupunguziwa kazi nyingine za pamoja za kijiji.

5. Mchoma mkaa naye ni jirani

Hapa somo linatugusa sisi wenyewe. Tangu uamuzi wa mwaka 2016 wa serikali kuhamia Dodoma, jiji limekua haraka, na majiko yameongezeka. Anayekamatwa msituni mara nyingi ni kijana aliyekosa mavuno. Anayepata faida kubwa yuko mbali, na anayeinunua bidhaa ni mimi na wewe. Hatuwezi kuwasifu walinzi wa msitu Jumapili na kuagiza gunia la mkaa Jumatatu bila kuuliza limetoka wapi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Majiko ya seminari, shule na nyumba zetu za malezi yaanze kabla ya kulazimishwa.

Na yule kijana asiachwe mikono mitupu. Mizinga ya nyuki, vitalu vya miche, mikopo midogo ya jumuiya: hizo ni kazi ambazo VIWAWA na WAWATA wanaweza kuzianzisha. Kizuizi kisichofuatana na riziki nyingine hakitadumu, na pengine hakistahili kudumu.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Msitu ulio karibu nasi ni wa nani kisheria: kijiji, halmashauri au Serikali Kuu? Nani kati yetu atauliza ofisini wiki hii?

2. Ni njia zipi za magari zinazoingia humo, na zilifunguliwa na nani?

3. Wanaojitolea kuulinda wanahitaji auni gani kutoka parokiani: viatu, daftari, simu, au mtu wa kuwasindikiza kwa mtendaji?

4. Jikoni kwetu tunatumia mkaa kiasi gani kwa mwezi, na tunaweza kupunguza kwa njia gani?

Mwenyezi Mungu, aliyemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, awalinde wanaokesha kwenye njia za misitu yetu.