Kufundisha Magurudumu ya Meno: Kutoka Kizibo cha Soda hadi Giaboksi ya Gari la Mbio

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hana haki ya kulalamika kwamba hana maabara iwapo barabara inapita mbele ya shule yake. Sisi tulio Kiwira tumejaliwa barabara ya namna hiyo. Kutoka Uyole hupanda hadi Isyonje, kisha huteremka kupitia Kiwira na Tukuyu mpaka tambarare za Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambalo liko takribani mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mchana kutwa malori yenye ndizi, viazi na mbao hunguruma kwenye miinuko hiyo. Mtoto wa hapa hutambua kwa masikio, bila hata kuinua kichwa, kwamba dereva amebadilisha gia. Anachokosa ni sababu. Kazi ya mwalimu ni kumpa sababu hiyo.

Katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu tunaona somo la mashine rahisi likiendeshwa hivi: mwanachuo huandika kanuni ubaoni, wanafunzi huiimba mara tatu, kengele hulia. Siku ya mtihani kanuni huandikwa sawasawa. Lakini mwanafunzi yuleyule akiulizwa kwa nini lori hupanda mlima polepole, hujibu: “Kwa sababu limechoka.” Makala haya yanaeleza njia nyingine. Tutaanza na kizibo cha soda, tutafika kwenye giaboksi ya gari la mbio, kisha tutarudi kwenye mteremko wetu, mahali ambapo elimu hii huweza kuokoa maisha.

Shabaha ya Somo

Mwisho wa vipindi viwili vya dakika 40, mwanafunzi wa madarasa ya juu aweze:
(a) kuonyesha kwa vitendo jinsi gurudumu moja la meno linavyozungusha jingine;
(b) kukokotoa uwiano wa mizunguko kwa kuhesabu meno;
(c) kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini gia ndogo hutoa nguvu na gia kubwa hutoa mwendo;
(d) kueleza kwa nini ni hatari kuteremka mlima gari likiwa limetolewa katika gia.

Anayopaswa Kuyajua Mwalimu

Gurudumu lenye meno 12 likisukuma gurudumu lenye meno 36, lile dogo litazunguka mara tatu ili lile kubwa lizunguke mara moja. Uwiano wake ni 36 ÷ 12, yaani 3. Gurudumu kubwa huzunguka polepole mara tatu, lakini nguvu yake ya kuzungusha huwa mara tatu, tukiacha kando kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano. Kinachopatikana kwa nguvu hulipwa kwa mwendo. Hakuna kinachopatikana bure.

Hapo pana kosa moja kubwa la kuepuka. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya walimu, hudhani kwamba giaboksi huongeza uwezo wa injini. Sivyo. Injini hutoa kile inachotoa. Giaboksi hukigawa tu. Ni kama mama agawaye chungu kimoja cha wali: aweza kuwapa wachache sahani zilizojaa au kuwapa wengi kidogo kidogo, lakini chungu hakiongezeki.

Zana za Kufundishia

Zana zote zapatikana bila fedha.

1. Vizibo vya chupa za soda. Kizibo cha kawaida kina meno 21. Waache wanafunzi wahesabu wenyewe. Toboa katikati, kisha vipigilie kwenye ubao kwa misumari ili meno yaumane na kila kizibo kizunguke bila kukwama.

2. Kandambili kuukuu na njiti za mianzi. Kata visahani viwili vya duara, kimoja chenye kipenyo cha sentimita 4 na kingine cha sentimita 9. Chomeka njiti 8 kuzunguka ukingo wa kile kidogo na njiti 16 kuzunguka kile kikubwa, kwa nafasi zilizo sawa. Kila njiti itokeze sentimita 1. Misumari ya katikati iachane kwa sentimita 7.5 au zaidi kidogo, ili ncha za njiti zisikwaruze kisahani cha pili. Tia alama ya chaki kwenye njiti moja ya kila gurudumu.

3. Baiskeli moja, igeuzwe matairi juu.

Hatua za Somo

Hatua ya kwanza: vizibo. Mwanafunzi azungushe kizibo kimoja kuelekea kulia. Cha pili kinaelekea wapi? Ongeza cha tatu. Usiwaambie jibu, waache wabishane, kisha wajaribu. Wataona kwamba magurudumu mawili yanayoumana huzunguka kinyume, na la tatu hurudia upande wa lile la kwanza. Hapo ndipo yalipo maelezo ya gia ya kurudi nyuma: fundi huongeza gurudumu moja katikati.

Hatua ya pili: kandambili. Wahesabu mizunguko kwa kufuata alama ya chaki. Dogo likizunguka mara mbili, kubwa huzunguka mara moja. Kisha mwanafunzi mmoja azuie gurudumu kubwa kwa kidole karibu na msumari, mwenzake alizungushe kwa kutumia lile dogo. Wabadilishe: sasa azuie dogo, mwenzake asukume kubwa. Kila mwanafunzi apate zamu, maana somo hili huingia kwa vidole kabla ya kuingia kwa masikio.

Hatua ya tatu: baiskeli. Wahesabu meno ya mbele na ya nyuma. Tuseme ni 48 na 16. Pedali zikizunguka mara moja, tairi la nyuma huzunguka mara tatu. Wapime mzingo wa tairi kwa kamba. Ukiwa mita 2.2, basi kila mzunguko wa pedali humpeleka mwendeshaji mita 6.6. Hii hapa hisabati ambayo mtoto huweza kuihakikisha uwanjani kwa hatua zake.

Hatua ya nne: gari la mbio. Hatua hii huamsha darasa zima, hasa wale wanaosinzia nyuma.

Mfano wa Gari la Mbio

Afrika Mashariki inao mfano wake yenyewe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la michezo Datsun 240Z, lenye injini ya silinda 6 na lita 2.4, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mehta alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa magari mengine ya Datsun. Mwaka 2021 Safari ilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Mafundi wa mbio hubadilisha nini ndani ya giaboksi? Namba zifuatazo tumezitunga kwa ajili ya darasa, lakini kanuni zake ndizo.

Kwanza, hukaribianisha gia. Chukua gari la kawaida ambalo gia ya kwanza ina uwiano wa 4 na ya pili 2. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, dereva akitia gia ya pili mizunguko hushuka hadi 3,000. Kama injini hiyo ina uwezo mzuri kati ya mizunguko 4,500 na 6,500, hapo italegea. Fundi akiweka gia ya kwanza yenye uwiano wa 2.5 badala ya 4, mizunguko itashuka hadi 4,800 tu, na injini itaendelea kuvuta. Lakini gari hilo litakuwa gumu kung’oa kutoka kusimama, tena zaidi penye mwinuko.

Pili, hubadilisha uwiano wa difu. Difu ya 4 ikibadilishwa kuwa ya 5, nguvu kwenye magurudumu huongezeka kwa robo, na gari huchapuka haraka. Lakini mizunguko ileile ya injini iliyokuwa ikitoa kilomita 100 kwa saa sasa itatoa 80.

Tatu, hubadilisha umbo la meno. Gia za kawaida hukatwa mshazari ili ziumane taratibu na kimya. Hata hivyo meno hayo husukuma shafti upande. Giaboksi nyingi za mashindano hutumia meno yaliyonyooka. Hayana msukumo huo wa upande, ila hupiga kelele.

Sasa uliza darasa: “Je, tuifunge giaboksi ya namna hii kwenye lori la viazi?” Mwanafunzi aliyefuata somo atakataa, naye ataweza kutoa sababu. Gia nzuri kuliko zote haipo. Ipo gia inayofaa kazi yake na barabara yake. Jibu hilo likitoka kinywani mwa mwanafunzi bila kuongozwa, shabaha ya (c) imefikiwa.

Mteremko

Hatuwezi kufunga somo hili bila kuzungumzia mteremko. Wapo madereva wanaotoa gari katika gia wakiteremka, wakidhani wanaokoa mafuta. Gia ikiwa imeingia, magurudumu hulazimika kuizungusha injini, na injini hulizuia gari. Kadiri gia inavyokuwa ndogo, ndivyo magurudumu yanavyolazimika kuizungusha injini mara nyingi zaidi, na ndivyo kizuizi kinavyokuwa kikubwa. Gia ikitolewa, mzigo wote huangukia breki. Breki zikishikwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu. Lori lenye tani nyingi halitasimama kwa maombi ya dereva. Ndiyo maana dereva mwenye busara huteremka mlima kwa gia ileile ambayo angeupandia.

Onyesha jambo hili kwa kandambili: shika gurudumu kubwa liwe matairi, na dogo liwe injini. Mwanafunzi akizuia dogo kidogo tu, kubwa hukataa kwenda. Yatenganishe: kubwa huzunguka huru. Watoto wetu ndio madereva, makondakta na abiria wa kesho. Abiria anayeelewa hatari hii anaweza kumwambia dereva neno kabla ya kona.

Tahadhari kwa Mwanachuo

Usianze na kanuni; kanuni iandikwe ubaoni mwishoni, kwa maneno ya wanafunzi. Usiwapeleke watoto kando ya barabara kuhesabu malori bila mwalimu wa pili. Wasichana wapewe misumari na nyundo sawa na wavulana. Na mwanafunzi akiuliza swali usilolijua, liandike kwenye daftari lako na umletee jibu kipindi kinachofuata. Fundi wa gereji iliyo karibu aghalabu hufurahi kuulizwa.

Zoezi

1. Tengeneza magurudumu ya kandambili yenye njiti 8 na 24. Vipenyo vya visahani viwe vingapi, na misumari iachane kwa sentimita ngapi?
2. Gia ya kwanza ina uwiano wa 3 na difu ina uwiano wa 4. Injini itazunguka mara ngapi ili magurudumu yazunguke mara moja?
3. Andika andalio la somo la dakika 40 kuhusu mteremko ulio karibu na shule unayofanyia mazoezi.