Kuendesha Gari Majira ya Baridi: Maandalizi ya Dereva na Gari Lake

Somo hili limekusudiwa kwa msomaji aliyehamia majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama vile Minnesota au Maine, akitoka katika nchi ambako dereva huogopa tope la masika kuliko barafu. Baridi hudhoofisha matairi, betri na vimiminika vya gari hata kabla theluji haijaanguka. Kwa hiyo wakati wa kujiandaa ni mwezi wa Oktoba, si asubuhi ya dhoruba ya kwanza.

1. Matairi

Mpira wa tairi la kiangazi huwa mgumu katika baridi, ukashindwa kushika barabara. Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini. Hutambulika kwa alama iliyo ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake hazitoi uhakika huo. Nunua matairi manne ya aina moja. Ukibadilisha mawili tu, gari litashika barabara upande mmoja na kuteleza upande mwingine.

Anayenunua tairi lililotumika afanye vipimo viwili. Kwanza, aingize sarafu ya senti 25 katika mifereji ya tairi, kichwa cha Washington kikielekea chini. Ikiwa mpira haufiki kwenye kichwa hicho, kina kimepungua mno kwa barabara yenye theluji. Pili, atafute herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho huonyesha umri: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.

Pima upepo mara kwa mara. Halijoto ikishuka kwa nyuzi 10 za Farenhaiti, tairi hupoteza takribani pauni 1 ya upepo kwa inchi ya mraba. Kiasi kinachofaa kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo kwenye tairi lenyewe ni kikomo tu.

2. Betri na vimiminika

Baridi hupunguza nguvu ya betri wakati uleule injini inapohitaji nguvu zaidi ili iwake. Maduka mengi ya vipuri hupima betri bila malipo. Uliza kabla ya kununua mpya.

Usijaze rejeta maji matupu. Maji yakiganda hutanuka, na yanaweza kupasua injini. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu dawa ya kuzuia kuganda hustahimili baridi ya takribani nyuzi 34 za Farenhaiti chini ya sifuri. Dawa hiyo ni sumu. Iweke mbali na watoto na wanyama. Maji ya kuoshea kioo nayo yawe ya aina isiyoganda.

Kabla fundi hajaanza kazi, omba makadirio ya gharama kwa maandishi.

3. Gesi isiyoonekana

Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Usiwashe gari likapata moto ndani ya gereji ya nyumba, hata mlango ukiwa wazi. Theluji ikiziba bomba la ekzosi, gesi inaweza kuingia ndani ya gari. Ondoa theluji hiyo kabla ya kuwasha injini. Ukiumwa kichwa, ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, toka uende mahali penye hewa safi mara moja na upige 911.

4. Watoto

Usimfunge mtoto mkanda juu ya koti nene. Koti hubonyea wakati wa ajali, mkanda ukalegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Mfunge akiwa na nguo nyembamba, kisha mfunike kwa koti au blanketi juu ya mkanda.

5. Barabarani

Futa theluji yote: vioo, taa na paa. Usimwagie kioo maji ya moto, kwani kinaweza kupasuka. Punguza mwendo na uache nafasi kubwa kuliko kawaida mbele yako. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, kwa kuwa hewa baridi huyapiga juu na chini. Lami inayoonekana kama imelowa tu huenda imefunikwa na barafu nyembamba. Gari likiteleza, ondoa mguu kwenye mafuta na uelekeze usukani taratibu kule unakotaka kwenda.

Gari liwe daima na walau nusu tangi ya mafuta, blanketi, koleo, tochi, mchanga, waya za kubusti betri, chakula na chaja ya simu. Ukikwama katika dhoruba, piga 911 na ubaki ndani ya gari. Washa injini takribani dakika 10 kila saa, ukiwa umesafisha ekzosi na kufungua dirisha kidogo.

Maswali ya kujipima

1. Matairi ya gari lako yana alama gani, nayo yalitengenezwa mwaka gani?
2. Rejeta yako ina kimiminika gani?
3. Kwa nini koti la mtoto huvuliwa kabla ya kumfunga mkanda?
4. Utafanya nini kwanza kabla ya kuwasha injini ya gari lililozingirwa na theluji?