Pamba Kwa Nyasi: Vidokezo 7 vya Bustani Isiyokuchosha

Umerudi kazini umechoka, na maua nayo yanadai maji? Zipe nafasi nyasi za mapambo. Zikishashika ardhini, nyingi huvumilia jua, upepo na hata wiki uliyosahau kumwagilia. Haya, jembe mkononi, twende!

1. Anza na mchaichai

Mche wako uko sokoni! Chagua mabua ambayo vitako vyake havijakatwa, uyasimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo karibu na dirisha. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki mbili tatu utaona vijizizi vyeupe vikichungulia. Vikifikia urefu wa kidole, hamishia ardhini. Pambo lako, chai yako. Nani asiyetaka?

2. Kitaluni, uliza swali moja

"Hii inatambaa au inakaa shina moja?" Basi! Ukoka ni mzuri kwa uwanja wa watoto kucheza, lakini ukiupanda kando ya maua utaung'oa kila Jumamosi. Kwa pambo, shikilia zinazokaa shina moja, kama mchaichai na vetiva.

3. Mvua ikufanyie kazi

Panda masika au vuli zinapoanza, udongo ungali laini na maji ni ya bure. Mvua zikikata, mwagilia mara chache lakini maji ya kutosha, yazame chini na mizizi iyafuate. Una mteremko unaomomonyoka? Panda vetiva kwa mstari, kukingama mteremko. Mizizi yake inaweza kushuka hata mita 3, ikashika udongo barabara.

4. Acha nafasi, punguza samadi

Mche mdogo hudanganya macho! Nyasi inayofika mita 1 iachie karibu mita 1 hadi kwa mwenzake. Pengo linakukera? Sia mchicha hapo katikati; utakuwa umeshauchuma nyasi zinapotanuka. Samadi nayo, viganja viwili shimoni vinatosha. Nyasi zikishiba kupita kiasi hurefuka, zikalegea, zikalala chini upepo ukipita.

5. Unakaa ghorofani? Beseni linatosha

Mafunjo, yale yale ya kingo za Ziwa Viktoria, hupenda kukaa majini. Yapande kwenye chungu chenye udongo mzito, kisha kiweke chungu ndani ya beseni la maji pale roshani, penye jua. Angalizo moja tu: mwaga maji yote kila wiki, sugua beseni, ujaze mapya. Hapo mbu hawapati muda wa kuzaliana.

6. Nyoa mara moja kwa mwaka

Kiangazi kikielekea ukingoni, funga shina zima kiunoni kwa kamba ya katani, kama mganda wa mpunga. Kisha kata chini ya kamba, ukiacha sentimita 15 hivi. Majani yote yanatoka kwa mkupuo mmoja, hakuna kufagia! Yatandaze bustanini yahifadhi unyevu. Ila vaa glavu na shati la mikono mirefu, maana kingo za majani hukata ngozi.

7. Gawanya, umgawie na jirani

Baada ya miaka michache katikati ya shina hukauka, likabaki duara la majani mabichi pembeni. Usiogope, shina limezeeka tu. Mvua zikianza, lichimbue lote, lipasue kwa panga vipande vinne, kila kimoja kiwe na mizizi na machipukizi. Sehemu iliyokufa tupa kwenye mboji. Viwili panda upya siku hiyo hiyo, mizizi isikauke. Viwili mpelekee jirani. Usishangae akikurudishia mche wa kitu ambacho huna!