Somo la Baraza: Noti Yenye Chapa ya Ukumbusho na Namna ya Kuikagua



Katika magulio ya Mutukula, Busia na Malaba, fedha za nchi mbili hupita katika kiganja kimoja. Mfugaji aliyeuza mbuzi wake hupokea noti asizozizoea. Naye akikuta moja yenye maandishi ya ziada hujiuliza: je, ni halali, au nimekwisha kuibiwa? Somo hili linajibu swali hilo.

Chapa ya ukumbusho ni nini?

Ni alama au maandishi ambayo benki kuu huyaongeza juu ya noti inayojulikana tayari, ili kuadhimisha tukio. Novemba 2007, Kampala ilipokuwa mwenyeji wa Mkutano wa Wakuu wa Serikali wa Jumuiya ya Madola, Benki Kuu ya Uganda ilitoa noti ya shilingi 10,000 yenye kumbukumbu ya mkutano huo. Thamani yake ilikuwa shilingi 10,000, si zaidi wala si pungufu.

Si kila chapa ya juu ni ya sherehe. Burundi ilipoacha ufalme tarehe 28 Novemba 1966, noti za Benki ya Ufalme zilichapwa juu yake maneno ya Jamhuri, zikaendelea kutumika. Hivyo basi, maandishi ya ziada peke yake si dalili ya ughushi.

Wala si ushahidi wa uhalali. Usalama wa noti umo katika karatasi yake na uchapaji wake wa awali. Kagua hivi:

1. Papasa. Karatasi ya noti hizi hutokana na nyuzi za pamba, nayo huwa imara kuliko karatasi ya kawaida. Maandishi makuu huwa na wino ulioinuka. Chapa ya ukumbusho yaweza kuwa laini, kwa kuwa mara nyingi huongezwa kwa njia nyingine ya uchapaji. Ulaini wake usikutishe. Maandishi makuu yakiwa laini, hapo tahadhari.

2. Inua kwenye mwanga. Katika noti za Uganda utafute alama ya maji yenye kichwa cha korongo mwenye taji, pamoja na uzi wa usalama uliozama katika karatasi. Hata chapa ikikaa juu ya eneo la alama ya maji, picha ya ndani sharti ionekane.

3. Linganisha. Weka kando yake noti nyingine ya kiasi na toleo hilo hilo. Ukiiondoa chapa, mengine yote yalingane: ukubwa, rangi na michoro. Namba za mfululizo, kinyume chake, zisifanane kamwe.

Mitego miwili

Wa kwanza ni mtu anayekuuzia "noti adimu" kwa bei kubwa. Mkusanyaji aweza kulipa ziada kwa hiari yake, lakini benki huihesabu kwa thamani iliyoandikwa. Wa pili ni mtu anayeeleza kila kasoro ya noti kwa kusema, "Hii ni ya ukumbusho." Kumbukumbu haiondoi uzi wala alama ya maji.

Ukiishuku noti

Kagua kabla ya kukabidhi mali. Ukiwa na shaka, kataa kwa upole na uombe noti nyingine. Ukigundua baadaye, itie katika bahasha, usiishikeshike, andika uliipata wapi, lini na kwa nani, kisha uipeleke benki au kituo cha polisi kilicho karibu. Kuileta si kukiri kosa.

Tuseme ukweli: noti bandia hailipwi fidia, na hasara humwangukia aliyebaki nayo. Uchungu huo ndio unaomshawishi hata mtu mwema kuipenyeza kwa muuza ndizi jioni, mwanga unapofifia. Lakini anayeipitisha huku akijua, ametenda jinai, na amemwibia jirani asiye na hatia kama yeye alivyoibiwa.

Maswali ya kujadili barazani

1. Kwa nini ulaini wa chapa ya ukumbusho si dalili tosha ya ughushi?
2. Ni sehemu zipi za noti ambazo chapa haiwezi kuzifidia?
3. Jirani yako amepokea noti bandia, naye anataka kuitumia gulioni kesho. Utamshauri nini?