Sukari Guru: Muwa Uliokatwa Haungoji

Kiangazi muwa huwa mtamu kuliko masika. Kata asubuhi, kamua siku hiyo hiyo. Hata kiwanda cha Kilombero hukimbizana na muwa uliokatwa. Ukilala siku kadhaa juani, sukari yake huharibika. Utachemsha weee, kuni ziishe, na sukari guru isigande. Jasho bure!

Chuja maji ya muwa, yachemshe kwenye karai pana. Povu chafu likipanda, liengue. Makapi usitupe, yakikauka ndiyo kuni zako.

Yakiwa mazito kama asali, punguza moto, koroga bila kuacha. Dondosha tone kwenye maji baridi. Likitawanyika, bado. Likiwa kidonge kigumu, epua upesi, mimina kwenye vyombo ulivyovilowanisha. Watoto wakae mbali, huunguza kuliko uji.