Mradi Umegoma Kufunguka: Maswali na Majibu kwa Waandishi wa Programu

Maswali mengi yanayonifikia kutoka kwa waandishi wa programu hayahusu msimbo wenyewe. Yanahusu mradi uliofunguka vizuri jana na leo umegoma, au faili ambalo programu inadai halipo. Anayeuliza huwa na hofu, na wengine huwa wameshaanza kufuta na kusakinisha upya kila kitu. Ombi langu la kwanza kwao wote ni lilelile: usifute chochote. Nakili folda nzima ya mradi mahali pengine, ndipo uanze uchunguzi. Katika visa vingi faili lipo palepale lilipokuwa. Kilichoharibika ni maelekezo ya kulifikia.

Visual Studio imeandika "unavailable" kwenye jina la mradi wangu. Je, msimbo umefutika?

Mara nyingi haujafutika, na unaweza kuhakikisha mwenyewe ndani ya dakika moja. Funga Visual Studio, ingia kwenye folda ya mradi kwa File Explorer, utazame kama mafaili yanayoishia na .cs bado yapo. Ukiyakuta, tulia.

Sasa fungua faili la .sln kwa Notepad. Watu wengi hudhani faili hili ndilo lililobeba mradi mzima, kumbe ni maandishi ya kawaida tu. Juu utakuta maneno Microsoft Visual Studio Solution File, na chini yake mistari inayoanza na neno Project. Kila mstari una jina la mradi na njia ya kulifikia faili lake, kwa mfano "Duka\Duka.csproj". Njia hiyo huhesabiwa kuanzia pale .sln lilipo. Ukienda File Explorer ukaipa folda ya Duka jina la DukaJipya, .sln halina habari. Litaendelea kutafuta Duka, litakosa, na Visual Studio itakuandikia unavailable. Rudisha jina la zamani, au rekebisha njia hiyo ndani ya Notepad, uhifadhi na kufungua tena.

Njia ikiwa sahihi na mradi bado umegoma, bofya kulia kwenye jina lake, chagua Reload Project, kisha soma kinachoandikwa kwenye dirisha la Output. Watu hawalisomi dirisha hili, na jibu huwa limeandikwa hapo. Huenda mradi ni wa simu au wa wavuti, nawe hukuweka vifaa vya kazi hiyo uliposakinisha. Fungua Visual Studio Installer uviongeze. Au ndani ya mradi kuna faili dogo liitwalo global.json linalodai toleo fulani la .NET SDK ambalo kompyuta yako haina. Amri ya dotnet --list-sdks itakuonyesha matoleo uliyonayo.

Jihadhari na kitufe cha Remove. Hakifuti msimbo diskini, lakini kinaondoa mradi kwenye .sln pamoja na mipangilio yake, nawe utalazimika kuuunga upya. Ukitaka kusafisha kitu, safisha folda iliyofichwa ya .vs, tena Visual Studio ikiwa imefungwa. Humo hamna msimbo wako. Kuna kumbukumbu tu za madirisha uliyoyaacha wazi na mambo ya namna hiyo, na folda hujitengeneza upya.

Rafiki yangu amenitumia mradi ndani ya .zip. Nikibofya .sln inafunguka, lakini miradi yote haionekani.

Umelifungulia .sln ndani ya kifurushi. Windows imetoa faili hilo moja tu na kuliweka kwenye folda ya muda, na mengine yote yamebaki ndani ya .zip. Bofya kulia kwenye kifurushi, chagua Extract All, kisha fungua .sln kutoka kwenye folda mpya.

Na uchague mahali pafupi, kama C:\kazi. Kwa kawaida Windows huruhusu njia ya faili isiyozidi herufi 260, na mradi uliozikwa ndani ya Desktop, ndani ya folda ya muhula, ndani ya folda ya somo, hufikia kikomo hicho upesi. Ukipita hapo, baadhi ya mafaili hayatoki kwenye kifurushi, au yanatoka na vifaa vya ujenzi vinashindwa kuyasoma.

Nilivuta kazi ya wenzangu kwa git pull. Sasa .csproj haifunguki na naona ujumbe kuhusu herufi "<".

Ujumbe huo nadhani ni huu: Name cannot begin with the '<' character, hexadecimal value 0x3C, ukifuatiwa na namba ya mstari. Ni habari njema, kwa sababu umeonyeshwa mahali penyewe. Fungua .csproj kwa Notepad, nenda kwenye mstari huo, na utakuta alama saba za < zimepangwa pamoja na neno HEAD. Chini yake kuna mistari yako, halafu alama saba za =, halafu mistari ya mwenzako, na mwisho alama saba za > na namba ya commit au jina la tawi lake. Git imeshindwa kuamua nani achukuliwe, ikawaandika nyote wawili na kusubiri uamuzi wenu. Visual Studio inatarajia XML safi, kwa hiyo inakwama kwenye alama ya kwanza kabisa.

Katika .csproj ya mtindo wa zamani, kila faili la msimbo limeorodheshwa kwa mstari wake wa Compile Include. Wewe uliongeza Mteja.cs, mwenzako akaongeza Malipo.cs, mahali palepale. Hapo hakuna wa kushindwa: bakiza mistari yote miwili, futa mistari mitatu ya alama, hifadhi, kisha tumia git add na git commit kukamilisha muungano. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuchagua upande mmoja na kutupa mwingine. Mradi unafunguka, lakini faili la mwenzake linatoweka kwenye orodha ingawa bado lipo diskini. Kama yamekufika hayo, bofya Show All Files juu ya Solution Explorer, bofya kulia kwenye faili husika, uchague Include In Project.

Mtindo mpya wa .csproj, ulioingia na Visual Studio 2017, hauorodheshi mafaili ya .cs moja moja. Huchukua yote yaliyomo kwenye folda. Timu inayoweza kuhamia mtindo huo naishauri ihamie, maana ugomvi wa aina hii hupungua sana.

Umeme ulikatika nikiwa kazini. Faili lipo, ukubwa wake ni uleule, lakini ndani ni tupu!

Hili linaumiza, hasa kwa wanaotumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Kilichotokea ni kwamba Windows ilikwisha kuandika jina na ukubwa wa faili, lakini maneno yenyewe yalikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, hayajafika diskini. Umeme ulipoondoka nayo yakaondoka, na nafasi yake ikajaa sifuri tupu. Baadhi ya vihariri huonyesha neno NUL limejipanga mstari mzima; vingine huonyesha weupe tu.

Usihifadhi tena faili hilo. Tafuta nakala ya karibuni kabla ya kulaani TANESCO. Katika VS Code, bofya faili kisha fungua sehemu ya Timeline. Tangu toleo la Machi 2022 kihariri hicho huweka nakala kila unapohifadhi, hata kama hutumii Git. Android Studio na ndugu zake wa JetBrains wana Local History, ambayo kwa kawaida hukumbuka siku 5 za kazi. Bofya kulia kwenye folda badala ya faili, utaona hata vilivyofutwa.

Kama lililojaa sifuri ni .csproj lenyewe na huna nakala, tengeneza mradi mpya wa aina ileile na jina lilelile mahali pengine, chukua .csproj yake uilete kwenye folda ya zamani, kisha uongeze upya maktaba ulizokuwa unatumia. Msimbo wako wa .cs hauguswi.

Wakati mwingine Git yenyewe hudhurika, ikalalamika kwamba object file fulani ni empty. Usianze kufuta vitu ndani ya .git. Ihamishe folda nzima ya mradi pembeni, vuta nakala mpya kutoka kwenye seva kwa git clone, kisha nakili mafaili uliyoyabadilisha juu ya nakala hiyo mpya. Git itakuonyesha tofauti zilizopo, nawe utaendelea pale ulipoishia.

Nimenakili mradi wa Android kwa flashi kutoka kompyuta ya mwenzangu. Kwake unafanya kazi, kwangu haufunguki.

Anza na local.properties. Ndani yake kuna mstari wa sdk.dir unaotaja mahali Android SDK ilipo kwenye kompyuta yake, pamoja na jina lake la mtumiaji. Kwako njia hiyo haipo. Kama faili halina kingine cha maana, lifute, na Android Studio italiandika jipya. Unaweza pia kufuta folda ya build na ile ya .gradle iliyo ndani ya mradi; zote mbili hutengenezwa upya. Usiguse settings.gradle wala folda ya gradle isiyo na nukta mbele, kwa kuwa hizo ni sehemu ya mradi.

Ukiona Could not find or load main class org.gradle.wrapper.GradleWrapperMain, basi gradle-wrapper.jar haikufika. Kama mwenzako aliuvuta mradi kwa Git, sababu ya kawaida ni mstari wa *.jar kwenye .gitignore, uliolizuia faili hilo lisiingie kwenye hifadhi. Mwombe mwenzako akutumie, kisha mwambie alisajili kwa git add -f.

Jambo la tatu linahusu bando. Mara ya kwanza mradi hupakua Gradle nzima kutoka mtandaoni, na bando likiisha katikati hubaki kipande kibovu kisichofunguka. Wengi hufuta folda yote ya .gradle iliyo chini ya jina la mtumiaji, na hapo wanalazimika kupakua upya hata maktaba za miradi mingine. Ingia .gradle/wrapper/dists, futa folda ya toleo lile lililokwama peke yake, kisha ufungue mradi ukiwa na intaneti ya kutosha.

Na kama flashi imepita steshenari, ikarudi na njia za mkato badala ya folda zako, usizibofye. Virusi vya aina hiyo kwa kawaida huficha folda bila kuzifuta. Ichunguze kwa antivirusi kwanza, kisha kwenye Command Prompt andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadili E kwa herufi ya flashi yako.

Niliandika git reset --hard. Kazi ya wiki imekwenda.

Kama uliisajili kwa git commit, haijakwenda. Andika git reflog uone kila mahali tawi lako lilipowahi kusimama, chukua namba ya hatua unayoitaka, kisha git branch uokoaji ikifuatiwa na namba hiyo. Kwa mipangilio ya kawaida Git hutunza kumbukumbu hizi siku 90, na siku 30 kwa hatua zisizoshikwa na tawi lolote.

Kama uliishia kwenye git add tu, jaribu git fsck --lost-found. Vilivyopatikana vitawekwa ndani ya .git/lost-found, bila majina. Kazi ambayo hukuifanyia hata git add, Git haina habari nayo. Rudi kwenye Timeline au Local History.

Mradi wangu uko OneDrive. Kuna tatizo?

Lipo. Faili linaweza kuonekana kwenye folda huku maneno yake yakiwa bado mawinguni, na vifaa vya ujenzi hukwama intaneti ikikosekana. Hamishia mradi nje ya OneDrive, na nakala yake iende kwenye seva ya Git. Kwa leo, bofya kulia uchague Always keep on this device.

Nimeshindwa kabisa na nataka kuomba msaada. Nitume nini?

Nakili ujumbe wa kosa wote kama maandishi, kuanzia mstari wa kwanza, maana picha ya skrini iliyopigwa kwa simu huacha nusu ya habari. Ongeza toleo la chombo unachotumia, orodha ya mafaili yaliyo kwenye folda ya mradi, na ulichofanya mara ya mwisho kabla tatizo halijaanza. Ukitakiwa kutuma mradi wenyewe, ondoa kwanza folda za build, bin, obj na node_modules ili usimmalizie mwenzako bando, na uhakikishe nywila za hifadhidata na funguo za huduma unazolipia hazimo ndani ya mafaili ya mipangilio.